Oksimita ya kidole, ya waya au saa ya mkononi: ipi inamfaa mgonjwa wako?

Mama yangu ana mapafu yaliyochoka. Aliugua kifua kikuu zamani, akatibiwa akapona, lakini kifua kilibaki na makovu. Juu ya makovu hayo akaongeza miaka thelathini na zaidi ya kupikia kuni kule Njoro, katika jikoni ambalo moshi haukuwa na pa kutokea. Sasa anaishi nami hapa Nakuru, na alipolazwa mara ya mwisho daktari alituagiza tuwe tukimpima oksijeni nyumbani. "Nunueni oksimita," alisema, akamwita mgonjwa aliyefuata. Nilitoka pale nikiamini kwamba oksimita zote ni sawa.

Tangu siku hiyo nimenunua mbili, binti yangu amenunua saa, na dada yangu mdogo aliyeolewa Kisumu amenunua mbili za mwanawe mwenye selimundu, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Pesa nyingine zilipotea bure. Naandika ili zako zisipotee, na zaidi ya hapo, ili usije ukaamini namba ya uongo usiku ambao mgonjwa wako anahitaji ukweli.

Kwanza, kifaa hiki hufanya nini? Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Iliyopungukiwa ni nyekundu ya giza. Oksimita hupitisha miali miwili kidoleni, mmoja mwekundu na mmoja wa infraredi usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni humeza zaidi ule wa infraredi, iliyopungukiwa humeza zaidi ule mwekundu. Upande wa pili kuna kihisi kinachosoma mwanga uliobaki. Kwa kuwa damu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, hupwita kila moyo unapopiga, mashine huchukua ile sehemu inayopwita na kuacha nyama, mfupa na kucha. Namba inayokuonyesha ni asilimia ya damu hiyo iliyobeba oksijeni. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyebuni njia hiyo miaka ya 1970. Basi kifaa kisicho na miali hiyo miwili, au kisichopata mpwito mzuri, kinabahatisha tu, hata kikiwa na kioo cha kupendeza namna gani.

Ya barabarani na ya kemisti

Ya kwanza niliinunua kwa mchuuzi aliyetandaza chaja na kava za simu kando ya barabara. Shilingi 900. Ilikuwa nyepesi, haina jina la mtengenezaji, na boksi lake halikuwa na karatasi ndani. Kwa wiki tatu ilinionyesha 98 asubuhi, 98 jioni, nami nikalala usingizi mzuri.

Jioni moja nilirudi nikamkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Alitaka kuniambia nimletee maji. Alisema "niletee," akavuta pumzi, akasema "maji." Nikamvisha kifaa: 98. Nilimtazama yeye, nikatazama namba, na sijui nini kilinifanya nikichomoe kidoleni mwake na kukibana kwenye kalamu iliyokuwa mezani. Kilionyesha vistari kwa muda, kisha 98, mapigo 76. Kalamu! Tulipofika hospitalini mashine ya nesi ilisoma 83.

Ya pili nilinunua kwenye duka la dawa, shilingi 2,800, na risiti. Kwa macho zinafanana kama mayai mawili. Tofauti iko hapa: hii ya pili huchora wimbi linalopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Wimbi likiwa limesimama vizuri na linafuatana sawasawa, mashine imeshika mpwito. Likiwa bapa au limevurugika, namba iliyo juu yake usiiandike popote. Nyingine huonyesha kimstari kinachoruka badala ya wimbi, na hicho pia hufaa, ila wimbi hukueleza mengi zaidi. Boksi lilikuwa na jina la mtengenezaji, namba ya modeli, na karatasi inayotaja usahihi: kujumlisha au kutoa 2, kati ya 70 na 100.

Nesi mmoja alinifundisha jaribio bora kuliko la kalamu. (Hata oksimita nzuri inaweza kunasa mwanga wa pembeni ikatoa namba kwenye kitu kisicho na damu, kwa hiyo usiihukumu kwa kalamu peke yake.) Shika kifundo cha mkono wa mgonjwa, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Linganisha na mapigo yanayoonyeshwa kwenye oksimita. Yakitofautiana sana, haijashika mpwito, na kama haijashika mpwito basi hata oksijeni haiijui. Fanya jaribio hili dukani kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa usiijaribu, nenda duka linalofuata.

Hiyo kujumlisha au kutoa 2 inahitaji maelezo, maana wengi tunaisoma vibaya. Haimaanishi kwamba mashine haitakosea zaidi ya pointi mbili. Maana yake ni kwamba kati ya vipimo vitatu, takriban viwili vitaangukia ndani ya mipaka hiyo. Cha tatu kinaweza kwenda mbali zaidi. Kwa hiyo kipimo kimoja ni habari ndogo. Vipimo vya wiki mbili mfululizo, saa ile ile, mgonjwa akiwa ameketi vile vile, ndivyo habari kamili. Na chini ya 70 usitegemee namba kabisa. Huko mashine haikupimwa kwa watu, inakadiria.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa, na sikulikuta kwenye karatasi ya boksi lolote. Oksimita huweza kusoma juu kuliko ukweli kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha namba za oksimita na vipimo vya damu iliyotolewa kwenye ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao oksimita ilisema wako kati ya 92 na 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya Weusi, na asilimia 3.6 ya Wazungu. Zaidi ya mara tatu. Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa rasimu ya kuwataka watengenezaji wajaribu vifaa vyao kwa watu wengi zaidi wenye rangi tofauti za ngozi. Kwetu hapa maana yake ni nyepesi kueleza na nzito kubeba: mama akisoma 92 huku anahema, namwamini mama.

Ya waya: ghali, lakini kwa mtoto haina mpinzani

Dada yangu anaishi Nyalenda. Mwanawe alipogunduliwa na selimundu alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Dada alifanya kama mimi, akanunua ile ya kubana kidole. Kidole cha mtoto kilipwaya ndani yake kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Mwanga ulipita pembeni bila kugusa nyama, na namba zikawa zinaruka: 89, 97, 78, 95, ndani ya dakika moja. Alinipigia simu analia. Mtoto alikuwa anacheza mpira sebuleni.

Alikwenda kuuliza kwenye kliniki ya watoto katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia, wakamweleza kwamba mtoto mdogo anahitaji kihisi cha ukubwa wake. Ndipo akachukua mkopo wa chama akanunua mashine ya kushika mkononi yenye waya, shilingi 12,000. Faida yake ni kwamba mwili wa mashine ni mmoja lakini vihisi hubadilishwa: cha mtu mzima, cha mtoto, na kile cha kuzungushia mguu wa mtoto mchanga. Pia ina kengele. Unaiwekea mpaka, na oksijeni ikishuka chini ya mpaka huo usiku, inalia.

Hasara zake nazijua kwa sababu dada hunisimulia kila wiki. Waya huvunjika pale unapojikunja karibu na kihisi, na kihisi kipya lazima kiwe cha aina ya mashine ile ile, si chochote kinachoingia kwenye tundu. Kengele hulia mtoto akijigeuza tu na kihisi kikateleza. Usiku wa kwanza ililia mara sita, na mara zote sita mtoto alikuwa salama. Dada alijifunza kutazama wimbi kabla ya kutazama namba.

Kama mgonjwa wako ni mtu mzima anayeweza kukaa na kunyoosha kidole, huhitaji mashine hii. Kama ni mtoto mdogo, au mtu mnayetakiwa na daktari kumfuatilia akiwa usingizini, hapo ya kidole haitoshi hata ikiwa ya bei gani.

Kwa selimundu kuna tahadhari ya ziada. Kawaida ya mgonjwa wa selimundu mara nyingi huwa chini kidogo ya watu wengine, kwa hiyo ni lazima ujue namba yake ya siku njema. Kwa huyu mpwa wangu ni 94 au 95. Ikishuka pointi tatu au zaidi chini ya hapo, na kuna maumivu ya kifua, kikohozi au homa, dada hasubiri asubuhi. Na homa kali peke yake inatosha kumpeleka hospitali, hata kama oksimita inaonyesha namba nzuri.

Saa na simu

Binti yangu alimnunulia bibi yake saa janja kwa moyo safi kabisa, na ni zawadi nzuri. Huhesabu hatua, na bibi anafurahi kuona ametembea hadi dukani na kurudi. Lakini kwa oksijeni tumeiweka kando.

Tofauti yake na ya kidole si uchache wa teknolojia, ni mahali inapokaa. Kidoleni mwanga huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na ncha ya kidole imejaa mishipa midogo ya damu. Kwenye kifundo cha mkono mwanga hauwezi kuvuka, kwa hiyo saa hutegemea ule unaorudi, na ngozi ya pale haina damu nyingi karibu na juu. Mkanda ukilegea, mwanga wa nje huingia. Mkono ukitikisika, kipimo huharibika. Mama ana mkono mwembamba. Tulimpima mara tano asubuhi moja: mara mbili saa ilishindwa, mara tatu ikasema 96, 93, 97, huku oksimita ya kidole kwenye mkono ule ule ikikaa 90 bila kuyumba na wimbi lake likiwa zuri. Kitabu cha saa chenyewe kinasema kipimo hicho ni cha mazoezi na afya ya jumla, si cha kutambua ugonjwa. Watengenezaji wa saa nyingi huandika hivyo, kwa herufi ndogo.

Mahali pekee ambapo ningeisikiliza saa ni kwa mtu anayekoroma na kukatika pumzi usingizini. Saa ikionyesha oksijeni inashuka na kupanda mara nyingi usiku hadi usiku, hiyo ni sababu ya kwenda kuonana na daktari apimwe vizuri. Si sababu ya kutulia.

Programu za simu zinazokutaka uweke kidole juu ya kamera na tochi, achana nazo. Tochi ya simu ni mwanga mweupe. Ule mwali wa infraredi ambao hesabu nzima inauhitaji haupo. Bure yake ni ghali.

Kama ugonjwa ni pumu, huenda unatafuta kifaa kisicho chako

Hapa naomba mwenye mgonjwa wa pumu anisikilize kabla ya kununua chochote. Katika shambulio la pumu, oksijeni huanguka mwishoni. Njia za hewa zinaweza kuwa zimebana sana na mgonjwa bado anasoma 95, kwa sababu anavuta kwa nguvu zake zote kuishikilia namba hiyo. Oksimita itakuambia wakati mambo yameshaharibika.

Kinachotangulia kujua ni kile kibomba cha plastiki cha kupuliza (dukani ukiulizie kwa jina la Kiingereza, peak flow meter), chenye mshale unaosukumwa kwenye mistari ya lita kwa dakika. Hakina betri, hakina kioo, na huwa hakizidi bei ya oksimita nzuri. Mgonjwa hupuliza mara tatu asubuhi na jioni, unaandika kubwa kuliko zote. Baada ya wiki mbili tatu akiwa mzima, unajua kiwango chake bora. Kuanzia hapo: asilimia 80 na zaidi ya kiwango hicho ni kijani, kati ya 50 na 79 ni njano, afuate mpango wa dawa aliopewa, chini ya 50 ni nyekundu, avute dawa ya kufungua kifua na safari ya hospitali ianze. Jirani yangu aliye na mvulana wa darasa la saba alikuwa tayari kununua oksimita nilipomwonyesha hiki. Sasa mvulana anapuliza mwenyewe kabla ya kwenda shule, na mara mbili kibomba kimeshuka siku moja kabla ya kifua kuanza kupiga mluzi.

Kwa makovu ya kifua kikuu, kwa mapafu yaliyoharibiwa na moshi au sigara, kwa moyo dhaifu na kwa selimundu, oksimita ndiyo. Kwa pumu, kibomba kwanza.

Nakuru si Kisumu

Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi. Huku juu hewa ni nyembamba zaidi, kwa hiyo mapafu yale yale hupata oksijeni pungufu kidogo. Mtu mwenye mapafu mazima anapoteza pointi moja au mbili na hajui. Mwenye mapafu yaliyochoka anajua.

Desemba iliyopita tulikwenda na mama Kisumu kumwona mjukuu. Asubuhi nyumbani alisoma 91. Matatu ilipanda kuelekea Mau Summit, ambako barabara hupita juu ya mita 2,300, na iliposimama kushusha abiria nikampima: 87, amenyamaza, ameegemea dirisha. (Gari likiwa linakwenda usijisumbue, mtikisiko huvuruga wimbi.) Tukashuka Kericho, Awasi, Ahero. Jioni, ameketi chini ya mwembe wa dada yangu na kikombe cha chai mkononi, alisoma 93. Hakuwa amepona, wala hakuwa ameugua njiani. Ni mlima tu.

Ndiyo sababu namba za kwenye mtandao zilizoandikwa na watu wa pwani ya mbali zisikutawale. Mwambie daktari unaishi wapi, na kama unasafiri kwenda Molo au Eldoret mwambie pia. Muulize: kwa mgonjwa huyu, mahali hapa, nianze kuwa na wasiwasi kwenye namba gani?

Na usidhani kwamba 99 ndiyo shabaha ya kila mtu. Mama alipokuwa wodini kwenye oksijeni, nesi alikuja akapunguza mtambo. Nilishtuka. "Sista, mbona unampunguzia na bado ni mgonjwa?" Akanieleza kwa upole kwamba wagonjwa wa mapafu ya aina hii hutakiwa kubaki kati ya 88 na 92. Wakipewa oksijeni kupita kiasi, hewa chafu ya kaboni huweza kujaa mwilini, mgonjwa akawa na kichwa kizito, usingizi usio wa kawaida, hata akazimia. Oksimita haipimi hewa hiyo chafu. Kwa hiyo kama mna konsentreta nyumbani, ile mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, kidude cha kuongezea lita si chenu kukizungusha kwa kufuata namba. Kiacheni pale daktari alipokiweka.

Yanayodanganya hata ile nzuri

Baridi ndiyo ya kwanza. Asubuhi za Julai hapa Nakuru vidole vya mama huwa kama vijiti vya barafu, na damu haifiki nchani. Namshikisha kikombe cha uji dakika tano, ndipo nampima.

Rangi ya kucha ni ya pili, hasa nyeusi, bluu na kijani. Jirani wa Bondeni alipoozesha, mama alipakwa hina nyeusi iliyochanganywa na piko, vidole vyote kumi hadi kwenye ncha. Kesho yake alisoma 84. Nilikuwa nimeshachukua mkoba wa hospitali mlangoni nilipokumbuka kumtazama usoni: anacheka, anasimulia harusi, hajakata sentensi hata moja. Nikamvisha kifaa kwenye kidole cha mguu. 91. Kwa wiki tatu tulipima miguuni.

La tatu linaua. Watu hulala na jiko la makaa chumbani kwa ajili ya baridi. Makaa hutoa monoksaidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Oksimita haiwezi kutofautisha damu iliyoshikwa na gesi hiyo na damu yenye oksijeni. Itakuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Kama watu wa nyumba wameamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na kizunguzungu, na kulikuwa na jiko ndani, usipime kitu. Fungua milango, watoe nje, waende hospitali.

Na upungufu wa damu. Mpwa wangu aliwahi kushuka damu hadi sita, akawa mchovu hata kunyanyua kijiko, na oksimita ikasema 96. Daktari wake alitueleza kwa matatu: mashine hii huhesabu viti vilivyojaa ndani ya kila matatu, haihesabu matatu ziko ngapi barabarani. Matatu tatu zilizojaa pomoni haziwezi kuondoa abiria wa stendi nzima. Ukiona mgonjwa amechoka na amepauka ulimi na ndani ya kope, namba nzuri isikuzuie kwenda kupima damu.

Kwa ngozi yetu, midomo si mahali pazuri pa kutafuta ule ubluu wa kupungukiwa oksijeni. Tazama ulimi na ndani ya mdomo. Tazama kama mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, kama anashindwa kumaliza sentensi, kama anaanza kusema mambo yasiyoeleweka. Moja kati ya hayo linashinda namba yoyote.

Kama pesa ni ya kitu kimoja

Mtu mzima mwenye ugonjwa sugu wa mapafu au moyo: ya kidole yenye wimbi, kutoka duka la dawa, na risiti. Usishuke chini ya hapo. Ni afadhali usiwe na kifaa ukamtazama mgonjwa kuliko kuwa na kile changu cha 900. Mtoto mdogo wa selimundu: subiri mwezi mmoja mwingine, uchange, ununue ya waya, kabla ya hapo mpeleke zahanati wampime kwa kihisi cha watoto. Pumu: kibomba. Saa, kama tayari unayo, ibaki saa.

Ukishanunua, siku ya kliniki nenda nayo. Omba wamvishe mgonjwa ya kwao kidole cha shahada na wewe ya kwako kidole cha kati, mkono ule ule, msubiri dakika nzima. Yetu husoma pointi moja juu ya ya hospitali, na tumeandika hivyo. Kama watamtoa damu ya ateri kwenye kifundo cha mkono, kipimo ambacho ndicho hakimu wa vingine vyote, mvishe ya kwako wakati huo huo.

Daftari letu ni lile la kurasa 48 la wanafunzi. Kila mstari una tarehe, saa, namba, mapigo, na neno moja la mama mwenyewe: "vizuri," "nimechoka," "kifua kizito." Ndani ya jalada la mbele daktari aliandika kwa mkono wake: chini ya 88, ameketi, vidole vina joto, dakika tano haipandi, njooni. Chini yake nimeandika namba ya simu ya kijana wa teksi anayelala nyumba ya tatu kutoka kwetu, na betri mbili ndogo za akiba nimezibandika hapo kwa selotepu.